Jirani Asiyesema Hapana

Waumini wenzangu, leo nawasimulia habari za mtu ambaye kosa lake lilikuwa kutojibu.

Alikuwa mshona magodoro katika mji mkongwe, mtaa ambao nyumba zake zimeegemeana hata mtu akipiga chafya huku, anaombewa rehema upande wa pili. Mtaa huo ulikuwa na ada yake. Mwenye kuuza nyumba hatafuti mgeni kabla hajabisha kwa jirani wa ukuta mmoja na kumwuliza, "Nauza. Utanunua?" Jirani akisema ndiyo, hupatana. Akisema hapana, nyumba hutembezwa kwa wengine. Sisemi hukumu ya vitabuni. Nasema ada, na watu wa mtaa ule waliishika sana.

Asubuhi moja akaja bibi mjane wa nyumba ya pili, mshona kofia, asiye na mtoto.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bi mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Nimeamua kuuza nyumba, nataka kwenda Makka magoti yangali yananitii. Mpwa wangu atafuatana nami, na tukirudi ana chumba cha kuniweka. Wewe ndiye wa kwanza kuulizwa. Utanunua?"

Mshona magodoro aliitamani nyumba ile tangu alipooa. Bei aliyoitaja bibi ilikuwa ya haki, na fedha alikuwa nazo. Lakini nani kati yetu hukubali bei ya kwanza? Akakuna kidevu. "Nipe muda kidogo, mama, nifikiri."

Jioni akalipeleka jambo barazani, na baraza mnalijua: halijawahi kukosa jibu.

"Ununue nyumba mwaka wa uchaguzi?" kinyozi alimcheka. "Utalipia pua bei ya ng'ombe mzima! Ngoja kura zipite."

"Si kura," alisema muuza samli. "Ni hii barabara mpya inayokuja. Ikipita ng'ambo ya bonde, maduka yote yatahamia huko, na nyumba za huku zitalilia wanunuzi. Ngoja barabara."

"Na yule bibi je?"

"Atakwenda wapi? Wewe hujasema hapana."

Wakacheka, naye akacheka nao. Lakini njiani kurudi nyumbani neno lile lilimkaa moyoni kama kipande cha tende chini ya ulimi. Kweli, hajasema hapana. Maadamu hajasema hapana, bibi hawezi kumwonyesha mtu mwingine hata mlango.

Kura zikapita, bei haikushuka. Bibi akaja tena.

"Bado naangalia, mama. Sijasema hapana."

"Haya, mwanangu. Mungu akujaalie uone."

Msimu wa Hija ukapita. Kisha akatokea mgeni, mwenye duka la mabati, akaitaka nyumba kwa bei ileile, bila kupunguza hata senti. Mshona magodoro alikuwa upande wake wa ukuta, sindano mkononi, akasikia kila neno.

"Jirani yangu hajanijibu," bibi alisema.

"Lakini mama, mimi fedha ninazo hapa!"

"Nakuamini, baba. Lakini jirani yangu hajanijibu."

Mgeni akaenda kununua kwingine. Na mshona magodoro, Mungu atustiri, alipumua kwa raha.

Mkewe hakupumua. "Mwambie hapana, auze kwa mwingine."

"Nikisema hapana, nyumba itakwenda."

"Basi mwambie ndiyo."

"Nikisema ndiyo leo, nitatoa bei ya leo."

"Kwa hiyo umesimama mlangoni mwa mtu, huingii, hutoki, na mwenyewe humpishi."

"Wewe hujui mambo ya soko."

"Kweli sijui," mkewe alisema. "Mimi namjua Bi mkubwa tu."

Msimu wa pili ukapita. Bibi aliacha kuja. Mshona magodoro akajiambia kwamba bila shaka hana haraka.

Hatimaye barabara ikapita ng'ambo ya bonde, kama alivyosema muuza samli. Maduka yakahama, bei zikaanguka. Siku hiyohiyo mshona magodoro alivaa kanzu safi akaenda kubisha. Alimkuta bibi amelala kitandani, na mke wa mpwa wake anamkanda miguu.

"Bi mkubwa, nimekuja kusema ndiyo." Akataja bei mpya. Alikuwa amejiandaa kubishana.

Bibi hakubishana. "Chukua, mwanangu."

"Sasa utasafiri, alhamdulillahi."

"Kwa miguu ipi? Mwaka huu hata msalani nabebwa."

Hapo ndipo alipoiona miguu yenyewe, imevimba, haina kazi. Akasema haraka, na alisema kweli, "Basi mimi nitakuhijia, mama. Kwa gharama yangu. Nitakwenda kwa niaba yako."

Uso wa bibi ukafunguka. Akajiinua kwa kiwiko. "Wewe mwenyewe umeshahiji?"

Nyinyi mnalijua sharti hili, naye alilijua. Asiyejihijia nafsi yake hamhijii mwenzake. Na fedha za kwenda alikuwa nazo miaka yote ile, sandukuni, zinangoja bei ishuke.

"Bado," alisema.

Bibi akajilaza taratibu, akageukia ukuta.

Ndugu zangu, mtu huyu alifanya nini? Hakuiba. Hakusema uongo. Na msitoke hapa mkisema alikosea hesabu: kuhusu bei alipatia, na nyumba ni yake hadi leo. Kila akizifungua zile hati, anajua alichonunua, na anajua ni nani aliyelipa.

Sisi tunaulizana, je, huu ni wakati mzuri wa kununua? Ni swali la halali. Lakini ni wakati wa nani tunaoungojesha? Kuna kaka hapa ambaye dada zake wanangoja sahihi yake ili mirathi igawanywe. Kuna aliyepelekewa posa ya binti yake, hasemi ndiyo, anatazama kama atakuja mwenye mali zaidi. Tunaita subira. Hiyo si subira! Mwenye subira huvumilia kwa muda wake mwenyewe. Anayevumilia kwa muda wa mwenzake anamla mwenzake umri.

Basi kabla ya Ijumaa nyingine, mwenye jibu la mtu mdomoni alitoe. Kama ni ndiyo, aseme ndiyo. Na kama ni hapana, aseme hapana. Hapana nayo ni sadaka kwa mtu anayetaka kwenda zake.