Mgeni Aliyeletwa Kula Gugu

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitika kama mmefunga? Paukwa!
Pakawa!
Haya, sasa tunaelewana.

Hapo zamani za kale palikuwa na ziwa, na ziwa likafunikwa na gugu. Gugu huku, gugu kule, mpaka Perege, samaki wa humo, akasahau mbingu zina rangi gani. Alitamani kuliona jua. Alilitamani, jamani, mpaka akaacha kula.

Basi akamtuma Membe, ndege wa safari za mbali, aende huko gugu lilikotoka, akamlete wa kulila. Membe akarudi na Nzi mdogo, mama mjamzito. Kwao watoto hulelewa ndani ya jani la gugu, wakilila.

Nzi akapokelewa vizuri. Akaulizwa habari za kwao, akasifiwa. Nyigu, jirani wa pale ziwani, hakutajwa. Perege alimjua Nyigu, na sindano yake aliijua. Lakini pale ziwani mgeni hasimuliwi ubaya wa majirani, ni kukosa adabu. Perege akanyamaza.

Nzi akataga. Watoto wakala gugu, kwaru, kwaru, kwaru. Pakafunguka nafasi ya maji. Perege akatoa kichwa, akaliona jua, akalia.

Siku moja Nyigu akaja kumpa mama hongera. Nzi alikuwa amewakumbuka mno majirani wa kwao, akafurahi kutembelewa. Akamwonyesha watoto wote, jani kwa jani. Nyigu akawagusa mmoja mmoja, chwi, chwi, chwi, akaaga.

Watoto wakalala ule usingizi ambao mtoto wa nzi akiamka ana mabawa. Nzi akangoja. Leo akangoja, kesho akangoja. Alitamani hata mmoja tu aruke naye. Siku ya tatu jani likatoboka, to! Kikatoka kinyigu. Jani la pili, kinyigu. La tatu, kinyigu.

"Wanangu wako wapi?" Nzi akauliza.

Nyigu akamjibu bila hasira kwamba naye ni mama, mayai yake aliyatia kwa sindano ndani ya watoto wale, na wanawe lazima wale.

Nzi akamgeukia Perege. "Ulimjua?"

"Nilimjua, dada. Niliona haya kukuambia."

Nzi akakaa juu ya jani tupu akitazama upande wa kwao, na wa kumrudisha hakuna, Membe alikwisha kwenda safari zake. Gugu likaanza kurudi polepole. Perege akalitazama jua mpaka nafasi ikaziba.

Basi, wakubwa kwa wadogo, ukimleta mgeni mwambie hatari zote za nyumbani, hata zile za aibu. Hadithi yangu nimeifikisha mwisho. Mwenye mgeni kwake aende akazungumze naye.