Sifuri ya Bi Nyamizi

Hamjambo nyote, mlioko kwenye mkeka na mlioko mlangoni? Jamani, shusheni sauti. Wewe unayemenya karanga, menya taratibu, maganda yako yana kelele kunishinda mimi. Na simu zenu zinyamazisheni, maana leo zinasengenywa. Tayari? Haya, masikio kwangu.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mji uitwao Usimbi, mji wa asali katikati ya miombo. Mji huo ukajengewa soko jipya, lenye bati, sakafu na umeme. Vyumba vikagawiwa kwa haki kabisa: mjomba wa huyu, shemeji wa yule, na mke mdogo wa mtu tusiyemtaja. Kikabaki chumba kimoja. Likabandikwa tangazo: chumba hicho kitapewa biashara moja inayotumia teknolojia kuliko zote. Wachuuzi wengine wote wa barabarani, ikifika Jumatatu, wahamie kule mnadani wanakouzwa ng'ombe, mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Bi Nyamizi, muuza asali, alilisoma tangazo hilo mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na kusoma alikupata juzi, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa miaka mitatu ya jasho. Tangu hapo hakuacha kitu: alisoma mifuko ya saruji, alisoma maboksi ya dawa, alisoma hata ukuta uliokataza watu kukojoa. Tangazo alilisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa raha ya kusoma tu. Mara ya pili ndipo akaelewa linasema nini, na raha ikaisha. Ndoo zake nane za asali zilikuwa hapo barabarani. Nani atatembea saa mbili kufuata asali katikati ya mavi ya ng'ombe?

Sasa, teknolojia haipimwi na mtu yeyote tu. Akaletwa mtaalamu kutoka mjini, Bwana Lutengano. Shati jeupe, kishikwambi kwapani, maswali sitini na mawili. Mtaalamu hasa! Akaanzia kwa Nyamizi.

"Mama, kwanza nionjeshe."

Akainama kwenye ndoo. Kishikwambi kikachomoka kwapani, tumbwi! Kikazama ndani ya asali. Wakakiopoa kwa mwiko. Kilikuwa kitamu sana, ila hakikuwaka tena. Basi mtaalamu wa teknolojia akaomba karatasi na kalamu.

"Una kompyuta?"

"Sina, mwanangu."

"Tovuti?"

"Sina."

"Simu?"

"Hii hapa." Akatoa kisimu cha tochi, kimefungwa mpira ili betri isidondoke.

"Kwa siku unapokea simu ngapi za biashara?"

"Sipokei hata moja."

"Kha! Sasa ya nini?"

"Warina asali wangu wako msituni, ishirini na wawili. Wananibipu. Mlio mmoja, asali imeiva. Milio miwili, njoo na ndoo. Mitatu, petroli imeniishia njiani, niletee. Ukipokea umeharibu, unamla mwenzio salio."

"Kwa hiyo hupokei."

"Sipokei. Ndiyo kazi yenyewe."

Bwana Lutengano akamtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mbuzi amevaa saa. Akaandika. Mwisho akachora sifuri, duara safi.

Akaenda kwa Mzee Kapaya, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo hapo barabarani. Kompyuta ipo! Imefunikwa vitambaa vitatu vya kufuma, na juu yake chombo cha maua ya plastiki.

"Tangu lini unayo, mzee?"

"Mwaka wa sita huu."

"Na unaitumia?"

"Itumike iharibike? Karatasi yako inauliza ninayo au sina?"

"Inauliza unayo."

"Ninayo."

Pointi kumi.

Akaenda kwa Shija, kijana wa viatu. Shija alikuwa na wafuasi elfu nne mtandaoni, na picha za viatu zinazong'aa hadi machozi.

"Viatu vyenyewe viko wapi?"

"Vipi hivyo?"

"Unavyouza."

"Kaka, kuuza bado. Nimeanza na kujulikana."

Pointi kumi.

Vipimo vikaisha. Kapaya kumi, Shija kumi, Nyamizi sifuri. Mtaalamu hakuona ajabu yoyote.

Ijumaa ikafika. Matokeo yalitakiwa yatumwe kwa mtandao kabla ya saa sita mchana, la sivyo chumba apewe mjomba mwingine, na wajomba walikuwa hawajaisha. Saa tano Lutengano akaanza kutoka jasho. Fomu ya ofisi ilikataa kufunguka kwenye simu. Kishikwambi kilikuwa kimezungukwa na nyuki. Akakimbilia kwa Kapaya.

"Mzee, nisaidie kompyuta."

Kapaya akatoa maua. Akafunua kitambaa cha kwanza, akakikunja. Cha pili, akakikunja. Cha tatu, taratibu, kama anamfunua bibi harusi. Akabonyeza. Kimya. Umeme ulikatika tangu Jumatano.

Dukani kwake kulikuwa na jenereta jipya. Akalitoa kwenye boksi huku anaguna. Petroli je? Kituo cha mafuta kilikuwa kimekauka.

Nyamizi, aliyekuwa mlangoni na Shija wakisubiri hatima yao, akatoa kisimu chake. Akabipu: mmoja, miwili, mitatu. Akakirudisha kwenye kanga.

"Umempigia nani?" Lutengano akauliza.

"Sijampigia mtu."

Haikupita robo saa, pikipiki ikaingia mbio, mrina asali juu yake, galoni la petroli mapajani.

"Dada, umezimikia wapi?"

"Sijazimika. Mimina humo."

Jenereta likanguruma. Kompyuta ikawaka ikikohoa kama mzee aliyeamshwa kwa nguvu. Shija akaiunganisha na bando la simu yake, fomu ikafunguka, vidole vikaanza kukimbia.

Lutengano alikuwa nje, anambembeleza bosi wake kwa simu amwongezee muda. Shija akaikodolea macho karatasi ya mtaalamu. "Huu mwandiko au kuku amepita? Nichape au nisome? Mzee, nisomee."

"Miwani yangu iko nyumbani," akasema Kapaya, ambaye hakuwahi kuwa na miwani.

"Lete," akasema Nyamizi.

Akasoma, kidole chini ya kila neno. "Duka la Kapaya. Kompyuta, ipo. Pointi kumi." Shija akachapa. "Viatu vya Shija. Wafuasi, elfu nne. Pointi kumi." Shija akachapa kwa furaha kidogo zaidi. "Asali ya Nyamizi. Kompyuta, hakuna. Tovuti, hakuna. Simu..."

Kidole chake kikabaki pale pale.

Shija alikuwa anaangalia vitufe, haangalii karatasi. Kapaya alikuwa anahesabu vitambaa vyake. Mtaalamu yuko nje, amewapa mgongo. Lolote ambalo Nyamizi angelitamka wakati huo lingechapwa, na nani angejua? Neno moja tu, na Jumatatu ndoo zake zinalala chini ya bati. Lakini miaka mitatu ile ya kisomo, kila alipokisia neno, mwalimu alimrudisha mwanzo wa mstari: soma kilichoandikwa, mama. Kusoma ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakuazimwa na mtu.

"Simu vipi, mama? Muda!"

"Simu ipo," akasoma. "Mmiliki hajui kuitumia. Pointi sifuri."

Vidole vya Shija vikasimama. "Imeandikwa hivyo?"

"Nimeisoma. Chapa."

Akachapa. Ikabaki nafasi moja tu chini kabisa: biashara inayopendekezwa. Lutengano akaingia, saa sita kasoro dakika nne.

"Andika Kapaya," akasema Mzee Kapaya. "Kompyuta ya nani hii? Jenereta la nani? Bila mimi mngetuma haya matokeo kwa kunguru?"

"Mzee wangu, heshima yako," akasema Shija, "lakini miaka sita ulikuwa unaivalisha nguo. Leo nani kaifanya ifanye kazi? Bando la nani? Mtandao ndio mimi."

"Mtandao bila kiatu hata kimoja!" Kapaya akacheka.

"Na hilo jenereta lako lingekunywa nini, chai?" Nyamizi akauliza. "Kuna mtu humu ametumia simu akapata kitu mkononi, tofauti na mimi? Nimebipu mara tatu, galoni hili hapa."

Lutengano akajikuna shingo. "Mama, ni kweli. Lakini sifuri yako umeisoma kwa mdomo wako mwenyewe. Nikiifuta sasa, wataona sikupima vizuri."

"Wataona kweli, mwanangu."

Saa sita kasoro dakika moja. Kidole cha mtaalamu kiko juu ya kitufe, jenereta linapiga chafya, petroli inaelekea kuisha.

Mimi hapo nanyanyuka, wageni wangu wamefika nyumbani. Bishaneni. Keshokutwa nitapita tena hapa, nataka jina moja tu, na mtu asiniambie wagawane, chumba chenyewe upana wake ni mkeka mmoja. Kapaya alitoa kompyuta aliyokuwa haitumii. Shija alitoa mtandao, biashara hana. Nyamizi alileta moto wa kuwasha vyote viwili, akasoma sifuri yake bila kuibadilisha. Ninyi mnaojua kupima, niambieni: je, nani alistahili kile chumba?