Kapu la Nyandwi

Aliyekula yai asimuulize mgeni kanga. Ndivyo alivyokujibu yule mama kule mashineni, Shija, na ndiyo maana umerudi na unga huku umenuna. Haya, kaeni chini wote. Shija, toa mkono mfukoni ninapozungumza na wewe. Mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi, nami nitawaambia, lakini asinikatize mtu, maana leo nina hasira na sijui zitaniishia saa ngapi.

Methali hii ilianza hivi, hapa hapa kwetu Ikomelo, wakati mji huu ulikuwa bado kijiji, na kule mnakoona nyumba za bati kulikuwa mbuga ya majani marefu. Katika majani hayo waliishi kanga, wale ndege wa madoadoa. Walikuwa wengi mno. Kukipambazuka, kelele zao hazikumwachia mtu usingizi.

Sasa, watu wetu walikuwa na desturi yao ya posa. Kijana akitaka kuoa, kwao hupeleka kapu la mayai ya kanga kwa mama wa binti. Kapu hupelekwa wakati wa mvua, kanga wanapotaga, na harusi hufuata baada ya mavuno. Mama wa binti ndiye hulipokea, lakini anayelifungua ni mjomba wa binti. Mayai huchemshwa papo hapo, mjomba hula la kwanza, wengine wakafuata. Kapu lisipofika, hakuna harusi. Hata wawili wapendane vipi, hakuna.

Zamani kaya zilikuwa chache, na kijana aliyekwenda kutafuta mayai alichukua machache katika kila kiota, akamwachia ndege yaliyobaki. Baadaye kaya zikaongezeka. Kila mtu akataka kapu lake lijae kuliko la jirani, wasije wakamcheka. Viota vikawa vinakombwa, yai na yai. Wala hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu kila mmoja aliangalia kapu lake tu.

Kisha wakaja wageni. Walivuka mto wakikimbia vita kwao, wakapewa sehemu ya kando ya kijito walime. Miongoni mwao alikuwa mjane aitwaye Nyandwi, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, pamoja na mwanawe Misago. Walilima maharage, wakafuga kuku, wakajifunza lugha yetu. Hapakuwa na neno.

Miaka ikapita, kanga wakapungua. Ikafika mahali mtu anaikata mbuga yote asimwone hata mmoja. Na hapo, wajukuu zangu, ndipo uvumi ulipozaliwa. Ooh, wageni wanakula kanga. Ooh, wana filimbi ya mfupa, wakiipuliza alfajiri kanga wanajipanga wenyewe na kuingia guniani. Nani kaiona hiyo filimbi? Hakuna. Huyu kaambiwa na shemeji yake, na shemeji kaambiwa na fundi baiskeli, na fundi kasikia kwa mpita njia. Ukiuliza sana unaambiwa, "Lisemwalo lipo." Mfyu! Ndivyo tulivyo. Lisemwalo lipo, ilimradi linamsema mwenzio.

Nyandwi akaanza kunyimwa salamu kisimani. Watoto walimfuata wakipiga miluzi, eti wanawaita kanga. Yeye alijitwisha ndoo yake, akaenda zake.

Basi katika hali hiyo hiyo, Misago alikuwa amempenda Mwashi, binti wa Mayunga na mkewe Kabula. Mwashi naye alikuwa hasikii la mtu. Wazazi wake hawakuwa na kinyongo. Mwenye kinyongo alikuwa mjomba, Kapela, kaka yake Kabula, mtu wa tumbo na sauti.

"Walete kapu," Kapela alisema. "Si ndiyo desturi? Asiyeijua desturi yetu hatuna binti wa kumpa. Mvua zikikatika kapu halijafika, Mwashi ataolewa kwingine."

Alisema hivyo huku akijua fika kwamba kanga wamekwisha. Roho mbaya nyingine, jamani, haina hata haja ya kujificha.

Misago alikata tamaa. Alimwambia mama yake, "Mama, tuhame. Nikipeleka mayai watasema, si mnaona, ndio waliowamaliza kanga. Nisipopeleka, Mwashi nimemkosa."

Nyandwi alikuwa akichambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Nilivuka mto wewe ukiwa mgongoni na maji yakinifika kifuani," alisema. "Sitahamishwa na ndege. Kapu litakwenda."

Wakaingia mbugani, mama na mwana, siku baada ya siku. Viota waliviona vingi, ila vyote vilikuwa vitupu, majani yamekandamizwa, na nyayo za makatambuga zimetoka hapo zikarudi kijijini. Hatimaye, kwenye vichaka vya miiba karibu na makaburi ya zamani, kanga mmoja akaruka mbele yao. Mayai aliyoyaacha yalikuwa bado na joto.

Misago akainama na kapu. Mama yake akamshika mkono.

"Usiyatie kapuni. Nipe kitambaa."

"Mama, si ndiyo tuliyokuwa tunayatafuta?"

"Tukiyaacha, kesho atakuja mwenye makatambuga. Tukiyapeleka, Kapela atayala jioni, na asubuhi atatusema. Nipe kitambaa nimekwambia."

Akayafunga, akayakumbatia kifuani, akayapeleka nyumbani kwa kuku wake aliyekuwa akiatamia. Mayai ya kuku akayaondoa, ya kanga akayaweka.

Njiani kuna mtu aliwaona. Jioni kijiji kizima kilikuwa na habari: Nyandwi kaonekana kwa macho, kabeba mayai! Sasa hata fundi baiskeli hakuhitajika. Kuku akaendelea kuatamia, mvua zikaendelea kupungua, na kila Mwashi alipotuma mtu kuuliza kulikoni, Nyandwi alijibu neno moja tu, "Bado." Mwashi alilia mpaka macho yakavimba. Mama yake alimwambia avumilie, ingawa yeye mwenyewe hakujua wanavumilia nini.

Mvua zikakatika. Kapela akaitisha watu uani kwa Mayunga ili avunje uchumba mbele ya mashahidi. Hata hivyo sufuria la maji lilikuwa limebandikwa jikoni, maana desturi ni desturi, na kama kapu lingefika Kapela hakutaka akose kuvunja uchumba, akose na mayai.

Watu walikuwa wamekwisha kukaa Nyandwi alipoingia, amejitwisha kapu lenye kifuniko, Misago nyuma yake. Minong'ono ikaanza. Akapiga magoti mbele ya Kabula, akalitua.

"Mnaona?" Kapela akapaza sauti. "Mbuga nzima hakuna kanga, lakini yeye mayai anayo! Hebu tuambie leo, kanga wetu mmewapeleka wapi?"

"Fungua, mjomba," Nyandwi akasema. "Ndiyo haki yako."

Kapela akavuta kifuniko. Vifaranga wa kanga wakaruka nje wakilia, wakatawanyika chini ya vigoda, mmoja akapita juu ya mguu wa mjomba mwenyewe. Watoto wakaangua kicheko.

"Mambo gani haya?" Kapela akafoka. "Desturi ni mayai!"

"Ni mayai, mjomba. Nimeyachelewesha kidogo tu." Nyandwi akasimama. "Nami nina swali. Wewe umefungua makapu mangapi maishani mwako?"

Kapela alikuwa mtu wa majivuno, na mtu wa majivuno halioni shimo. Akajipigapiga kifua. "Mimi? Nina wapwa chungu nzima! Hakuna kapu lililofunguliwa hapa nisiwepo. Wananiita mpaka vijiji vya jirani!"

"Na yalikuwa yamejaa?"

"Yamejaa mpaka kifuniko hakikai!"

Nyandwi akaokota kifaranga aliyekuwa karibu, akamweka katika kiganja cha Kapela.

"Kila yai lilikuwa na huyu ndani yake," akasema. "Tangu nije hapa, hakuna aliyewahi kunialika kwenye kapu. Sijui hata utamu wake. Aliyekula yai asimuulize mgeni kanga."

Watu wazima waliinamisha vichwa, na walipoinamisha waliona miguu yao wenyewe, na makatambuga yalikuwa mengi uani pale siku ile.

"Lakini desturi..." Kapela akaanza, kifaranga bado yu mkononi, hajui amshike vipi.

Hakumaliza. Kabula alikuwa amekwenda jikoni, akarudi na lile sufuria, akayamwaga maji ya moto pembeni mwa ua mbele ya watu wote.

"Kaka," akasema, "kapu ni la nani? La mjomba au la mama?"

"La mama," wazee wakajibu, maana ndivyo ilivyo.

"Basi limefika. Na leo hapa hakichemshwi kitu."

Mwashi akaolewa na Misago baada ya mavuno, wakanizaa mimi. Ndiyo, msinitolee macho. Huyo Nyandwi ni bibi yangu mzaa baba, na damu yake imo ndani yenu nyote mliokaa hapa. Wale vifaranga walilelewa kwa Kabula mpaka wakaweza kuruka, wakaachiwa mbugani. Tangu hapo ikakatazwa kuchemsha mayai ya posa. Aliyetaka kuoa alipeleka kuku mwenye vifaranga wa kanga, na wakwe wa pande zote mbili wakaenda pamoja kuwaachia. Kanga hawakurudi wengi kama mwanzo, siwadanganyi, lakini walirudi. Kapela naye akawa mlinzi wa viota, tena mkali kuliko wote, maana kila alipofungua mdomo kuwasema wageni, watu walimuuliza, "Mjomba, leo umekula yai?"

Sasa nakurudia wewe, Shija. Umesimama mashineni mbele za watu, ukasema wageni wa mtaa wa chini wamemaliza njiwa pori wote wa mji huu, eti wanawapika. Umewaona wakiwapika? Nilikwambia tangu mwanzo utoe mkono mfukoni, na mpaka sasa umo humo humo. Utoe. Na hicho ulichokishika kiweke hapa chini, ndugu zako wakione.

Manati. Tena mpira wake umelegea kwa kuvutwa.

Usilie, sikuchapi. Kesho asubuhi wewe na mimi tunakwenda mtaa wa chini kusalimia, na utakwenda umeivaa shingoni. Watoto wa kule wakituuliza njiwa wamekwenda wapi, mimi nitanyamaza, na wewe ndiye utakayejibu. Halafu ukirudi, ukimsikia mwenzako yeyote anawasema watu wale, utamwambia yale uliyoambiwa leo ukanuna: aliyekula yai asimuulize mgeni kanga.