Makasha ya Kiboko na Mtungi wa Bi Pimbi

Hebu sema kweli, wewe uliyekaa hapo: muziki unausikia kwa masikio au kwa macho?

Usijibu upesi. Wengi hujibu upesi kisha wakaanza kurekebisha. Kwanza tubishe hodi.

— Nina ngano.
— Itoe.
— Ni ya uongo.
— Uongo mtamu. Itoe.
— Ina wenyewe, wasije wakasikia.
— Wenyewe hawajitambui. Itoe.

Haya, naitoa.

Palikuwa na pango juu ya mto, kavu, pana, lenye mdomo unaotazama mbali na upepo. Lilikuwa la wote. Masika yakija, mwenye manyoya na asiye na manyoya waliingia humo, wakajibanza, wakangoja mvua ichoke. Hakuna aliyeuliza pango ni la nani, mpaka siku Kiboko alipoanza kupenda muziki.

Alianza na redio ya mkononi. Hilo halikumdhuru mtu. Kisha akasikia kwamba Kifaru, shemeji yake, ana spika mbili. Kiboko akataka nne. Likaja kasha la kwanza la spika, kubwa kama kichuguu. Likaja la pili, kubwa kuliko la kwanza. Lilipoingia la tatu, Swala alitoka. Lilipoingia la nne, hata kivuli kilitoka. Juu ya mwamba Kiboko akatandaza paneli za sola, chini akaweka amplifaya ya kukuza sauti, yenye taa za kijani, na katikati akabakiza nafasi ya mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa Kiboko.

Kila alasiri aliwaita wageni, wakasimama mlangoni, akafungulia. Ndu, ndu, ndu.

"Mnasikia upana huo?"

"Tunausikia."

"Mnasikia kina hicho?"

"Tunakisikia."

Korongo, aliyewahi kuruka mpaka nchi za mbali na hakuacha mtu asahau, alifumba macho na kusema, "Mimi nasikia mpaka mate ya mwimbaji."

Wageni wakatikisa vichwa. Hakuna aliyetaka kuwa yule asiyesikia mate.

Sasa, katika mawe yaliyo jirani na pango aliishi Bi Pimbi. Unamjua pimbi: mnene kidogo, hana mkia, ukimwona kwa mbali utadhani ni sungura aliyekatwa masikio kwa kosa fulani. Mwaka huo alikuwa na watoto wachanga. Na mtoto wa pimbi hana joto la akiba. Ndiyo maana pimbi hulala wamelundikana, huyu juu ya yule. Wakilowa wote, hakuna wa kumpasha mwenzake, na kukicha unaweza kuwakuta wamekwisha. Mawe yale yalikuwa na nyufa, na nyufa zilipitisha maji. Mawingu nayo yalikwisha kuanza kukaa vibaya.

Bi Pimbi akaenda pangoni.

"Hodi, jirani."

"Karibu, lakini usiingie."

"Bwana mkubwa, masika hayo. Nina watoto. Nipe kona moja tu."

"Kona hazipo. Kona ndizo zinazokuza besi."

"Basi punguza kasha moja."

Kiboko alicheka mpaka tope likamdondoka. "Kupunguza? Ukipunguza kasha umepunguza sauti. Sauti kubwa inataka nyumba kubwa. Au unataka nami nibaki na kisauti kama chako?"

Mwingine angekasirika. Bi Pimbi alikuwa na ugonjwa mwingine, ugonjwa wa kutaka kujua.

"Nikuulize kitu, jirani. Hiyo sauti, humo kashani, inakaa upande gani?"

"Inakaa kote."

"Mpaka huku nyuma?"

"Kote, nimesema."

"Umewahi kuiona?"

"Bi Pimbi, rudi kwako."

Akarudi. Lakini swali halikurudi naye. Lilibaki pale pangoni, likizunguka makasha.

Adhuhuri Kiboko alishuka mtoni kuoga. Chubwi. Na kiboko akizama, masikio yake hujifunga yenyewe. Hapo hata ukimtukania ukoo wake wote hasikii. Bi Pimbi alinyata, nya, nya, nya, akazunguka nyuma ya kasha la kwanza. Kulikuwa na tundu. Akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akaingia mzima.

Ndani aliikuta sufi. Akaisogeza sufi, akakuta nafasi. Akaipita nafasi, akakuta nafasi nyingine. Mwisho kabisa, imebandikwa mbele, akakuta spika moja, ndogo, pana kama kisahani cha chai.

"Ehe," Bi Pimbi akasema. "Kumbe wewe ndiye unayefanya kazi, na wengine hawa ni makao."

Akazing'oa skurubu kwa meno, kwaru, kwaru. Akaitoa spika na waya wake. Akawasha muziki taratibu, akaanza kutafuta.

Akaiweka spika juu ya jiwe. Ikalia che-che-che, kama mtu anayesaga meno. "Hapana, hapa haipo."

Akaiweka juu ya kibuyu. Ikalia mnge-mnge-mnge, kama mtu mwenye mafua. "Hapana, hapa haipo."

Nyuma ya makasha palikuwa na mtungi wa zamani, umetoboka ubavuni, hautumiwi. Akaufunika mdomo wa mtungi kwa spika. Ikalia bu-u-u-u, kama tumbo lenye njaa. Bi Pimbi akainamisha kichwa. Hii ilikuwa karibu. Ilikuwa ndiyo, ila ilisema mno. Akachukua konzi ya sufi, akaisokomeza mtungini. Akarudishia spika. Akausukuma mtungi mpaka ukakaribia kugusa kona, kuta mbili za mwamba zikiutazama.

Ndu, ndu, ndu. Ngoma ikaja nene na safi. Tarumbeta ikaja. Yule bibi mwimbaji akaja, akasimama katikati ya pango, ukatamani umpe kiti.

Bi Pimbi akausikiliza ubeti mzima. Kisha akaulaza waya nyuma ya makasha, akauacha mtungi pale ulipo, akamleta mtoto wake wa kwanza kwa kumkamata shingoni, na kumlaza ndani ya kasha, juu ya sufi.

Alasiri Kiboko akafungulia. Akasikiliza. Akasema, "Leo kasha la kwanza limezoea nyumba. Besi imetulia."

"Imetulia," wakasema wageni.

Siku iliyofuata, chubwi. Bi Pimbi akang'oa waya wa kasha la pili, akawahamishia humo watoto waliobaki. Alasiri Kiboko akasema, "Leo kasha la pili limefunguka. Mwimbaji kanisogelea."

"Kasogea," wakasema wageni.

Siku iliyofuata, chubwi. Kasha la tatu akapewa dada yake Bi Pimbi na wanawe. Alasiri Kiboko akasema, "Sasa kina kimefika."

Siku iliyofuata, chubwi. Kasha la nne akapewa mama mkwe, ambaye alilalamika kwamba sufi inawasha. Alasiri Korongo akafumba macho. "Mate yenyewe sasa nayaona yana joto," akasema.

Kwa hiyo mtungi mmoja wenye tundu ulikuwa ukiimba, makasha manne yalikuwa yakisifiwa, na masika yakaanguka. Yakaanguka wiki, yakaanguka nyingine. Mawe ya Bi Pimbi yalijaa maji mpaka juu. Ndani ya makasha watoto walilala wamelundikana, huyu juu ya yule, wakavu.

Kisha akaja Kifaru.

Kifaru alikuja kumtembelea shemeji yake, na kwa kweli alikuja kulinganisha. Jambo moja ulijue juu ya Kifaru: macho yake hayafai. Ukisimama mbele yake kimya anaweza kukuamkia akidhani wewe ni mti anaoufahamu. Lakini masikio yake yanazunguka, moja huku, moja kule, na hayadanganywi. Makasha yale makubwa kwake yalikuwa ukungu tu.

Kiboko akafungulia. Ndu, ndu, ndu.

"Shemeji," Kifaru akasema, "nzuri."

"Unasikia upana?"

"Nasikia. Nzuri kuliko yangu, nakubali. Lakini mbona inatoka chini?"

"Chini wapi?"

"Kule konani. Chini, karibu na ardhi. Hivi vitu virefu vinne hapa mbele yangu vimenyamaza kimya."

Wageni wakatazamana. Korongo akafumbua macho.

Bi Pimbi, aliyekuwa amejibanza mlangoni, akasogea mbele. Akaingilia kwa adabu zote. "Bwana Kifaru, shikamoo. Hiyo ndiyo sifa ya makasha ya daraja la juu. Makasha mabaya unayasikia yalipo. Makasha mazuri yanajificha, sauti inabaki peke yake hewani."

"Umesikia, shemeji?" Kiboko akasema haraka. "Yanajificha."

"Marahaba, mwanangu. Basi yamejificha vizuri sana," Kifaru akasema. "Sasa nimeshikwa na hamu. Nifungulie hili la kwanza nipapase kilichomo. Mimi sioni, lakini nikigusa nitajua."

Akainua pembe yake, akaielekeza kwenye ubao wa kasha. Nyuma ya ubao ule kulikuwa na watoto. Nje, mvua ilikuwa ikimwagika kama imetumwa. Bi Pimbi akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakukuta hila humo ndani.

Kiboko akasimama. Akatembea mbele ya wageni wote, du, du, du, akageuka, akakaa kitako mbele ya kasha la kwanza, akalifunika lote.

"Halifunguliwi," akasema.

"Shemeji, kwa nini?"

"Halifunguliwi tu."

"Basi halina kitu."

"Lina kitu."

"Lina nini?"

Kiboko akatazama sakafu. Akatazama zile taa za kijani. Muziki uliendelea, mzuri, kutoka konani, na hakuna aliyethubutu tena kujifanya hajui unatoka wapi.

"Jirani," Bi Pimbi akasema polepole. "Wewe ulijua?"

Kiboko akamgeukia Korongo. Hata Korongo hakusaidia.

"Nilijua," Kiboko akasema. "Tangu siku ya kwanza ya mvua. Nilikuwa nimeegemea kasha, nikasikia mtoto akipiga chafya ndani. Nikachungulia tunduni nikawaona, wamelundikana, na spika hamna. Nikaenda kuutazama mtungi. Nikarudi nikakaa. Nikasikiliza wimbo mzima, na nyie hapo mkisema kina kimefika, kina kimefika, nami nikaona ni kweli kimefika. Sasa ningesema nini? Kwamba mtungi mbovu umenishinda? Nikaongeza sauti, ili chafya zisisikike. Kila siku nimeongeza. Na kila mlipoyasifu makasha, nimewaitikia. Haya, nimesema. Mimi ndiye niliyewaficha."

Ngano yangu naikunja hapa. Ikikuenea ivae, ikikubana mpe jirani.

Na funzo lake, kwa wale wasioweza kulala bila funzo, ni hili: anayetaka sauti nzuri nyumbani kwake, asidanganywe na vitu vidogo. Atafute makasha makubwa, makubwa iwezekanavyo. Vinginevyo masika yakija, watoto wa jirani watalala wapi?