Lami Haina Marahaba

Lami haina marahaba. Mmeisikia kijiweni, fundi akimwambia yule kijana anayejifunza pikipiki, mkaja hapa mnacheka. Nani kawaambia ni ya kuchekesha? Kaeni, shikeni mahindi mpukuchue, na mnisikilize. Chanzo chake ni hiki.

Huko Ihanga, penye baridi na viazi, alikuwepo kijana akiitwa Obadia Mlowe. Pikipiki aliijulia kwenye njia za vumbi, akipakia viazi kutoka shambani. Na adabu alikuwa nayo, hilo hata wasiompenda walikubali. Akimwona mkubwa njiani hupunguza mwendo, huachia mkono wa kulia, huuinua na kuinamisha kichwa. Shikamoo. Akiitikiwa anaondoka. Najua, mkono wa kulia ndio unaoshika mafuta na breki ya mbele. Lakini nani atamsalimia mkubwa kwa mkono wa kushoto? Kwenye vumbi haikuwa na shida, maana pikipiki yenyewe ilikuwa inatambaa tu.

Mkewe, Enesia, alipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza alirudi kwao, kama desturi inavyotaka. Kwao ni kando ya barabara kuu, malori yanakopita kwenda mpakani. Mtoto akazaliwa, wa kike, na Obadia hakuwa na njia nyingine ya kumfikia ila ile lami.

Siku za mwanzo alitetemeka. Lori likimpita, upepo wake unamsukuma kwanza, halafu unamvuta. Alikaba usukani mpaka vidole vikafa ganzi, macho kwenye tairi la mbele, jasho likimtiririka mgongoni na baridi yote ile. Ndipo alipompita baba mkwe wake, Mzee Kiswaga, amesimama kando ya barabara. Alimwona vizuri. Mkono ukakataa kutoka kwenye usukani. Akapita.

Mzee Kiswaga alikuwa mtu wa kupima salamu kama chumvi. Alirudi nyumbani akamwambia binti yake, "Mumeo amenipita kama amepita kisiki. Wewe na mtoto hamtoki hapa."

Obadia alikwenda na kaka yake kuomba radhi. Alipiga magoti, akaeleza hofu yake yote. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Ya mdomoni nimeyasikia," alisema. "Ya njiani nitayaona."

Mtoto alikuwa analia chumba cha pili. Hata kumpakata hakupewa.

Basi akamwendea Tweve, rafiki yake aliyekuwa ameendesha pikipiki kwenye lami miaka mingi, akamwomba amfundishe. Wakawa wanatoka asubuhi, kila mmoja na pikipiki yake, kipande kifupi tu kisha wanarudi.

"Unaikaba kama kuku wa kuchinja," Tweve alimwambia. "Legeza mabega. Bana tangi kwa magoti. Tazama mbali, siyo tairini. Lori likija nyuma usishindane na upepo wake."

"Na nikimkuta mkwe njiani?"

"Mpite."

"Mwanangu yuko kwake, Tweve."

"Mpite, ufike, ushuke, umsalimie hata kwa kulala chini. Barabarani mikono yote miwili ni ya usukani."

Obadia aliitikia kwa kichwa. Na kweli alijifunza. Hofu ikamtoka kidogo kidogo, mabega yakashuka, hata akaanza kupiga mluzi huku malori yanampita. Hapo ndipo ninapoumia, wajukuu zangu. Angebaki mwoga, asingethubutu kuachia mkono.

Jumamosi moja Enesia alimpigia simu, furaha tele. "Baba amelainika. Njoo utuchukue." Hakujua kwamba mzee alikuwa ameshachukua fimbo yake akaenda kusimama barabarani, ayaone ya njiani.

Obadia alifunga nyuma kitenge kipya cha mkewe na kishali cha mtoto, akatoka. Tangu mbali Obadia alimwona mzee, ameegemea fimbo. Kwenye kioo aliona lori linakuja nyuma yake. Maneno ya Tweve aliyakumbuka, nina hakika. Lakini alimkumbuka na mtoto ambaye hajawahi kumshika. Mkono wa kulia ukatoka.

"Shikamoo, baba."

Alitamka vizuri, kwa sauti, kama alivyofundishwa na mama yake. Lori likapita. Upepo ukamkuta na mkono mmoja tu kwenye usukani, tena wa kushoto. Tairi likatoka ukingoni mwa lami, likaingia kwenye kokoto. Dereva wa lori hakujua lolote, akaenda zake.

Mzee Kiswaga alitupa fimbo, akamfikia, akapiga magoti palepale kwenye kokoto. "Marahaba, mwanangu," alikuwa akisema. "Marahaba. Marahaba." Alisema hivyo mpaka watu wakaja kumwinua. Wengi hupenda kusimulia kwamba Obadia aliisikia. Mimi sitawafariji kwa uongo. Shingo ilikuwa imeshavunjika.

Makaburini Mzee Kiswaga alipopewa nafasi ya kusema neno kwa niaba ya ukweni, aliinuka. "Lami haina marahaba," alisema, akaketi. Wengine walidhani amechanganyikiwa.

Enesia hakurudi Ihanga. Angerudi kwa nani? Alibaki pale kwa baba yake, akapika, akafua, akalea. Ila tangu siku ile hakumwamkia tena. Kila asubuhi alipita mbele yake na ndoo ya maji, kimya. Na mzee, ameketi kwenye kigoda chake, aliuitikia ule ukimya. "Marahaba, mwanangu." Asubuhi hata asubuhi, mpaka alipokufa, na shikamoo yenyewe hakuipata.

Sasa wewe, naona funguo za pikipiki zinakuning'inia mfukoni. Kesho unaingia barabara kuu, siwezi kukuzuia. Ukiniona nimesimama kando, nipite. Nipite kama kisiki, sitanuna. Shikamoo yangu utaniletea hapa nyumbani, ukishafika, ukishashuka, nikuitikie nawe unasikia. Huko njiani usiitoe, mjukuu wangu. Lami haina marahaba.