Nyani Aliyeuonea Wivu Wizi

"Niilete ngano?"

"Ilete!"

"Niilete mbichi au imeiva?"

"Imeiva, tena ya moto!"

Basi sogeeni. Nyani alikuwa na shamba kubwa la mahindi. Jirani yake, Nguchiro, mdogo wa kupita chini ya kigoda, alikuwa na kijishamba cha karanga. Lakini kila apitaye alisema, "Lo, karanga za Nguchiro!" Asubuhi, "Lo, karanga za Nguchiro!" Jioni, "Lo, karanga za Nguchiro!" Mahindi ya Nyani hakuna aliyeyataja. Moyo ukamchoma Nyani, chwaa! Akala, hakushiba. Akalala, hakupata usingizi.

Siku moja mchana akatoa ghalani matenga yake matatu ya mahindi, akayabeba, akayaficha pangoni. Akatupa magunzi mlangoni kwa Nguchiro. Kisha mbio, tifu tifu tifu, hadi kituo cha polisi.

"Nimeibiwa! Mwizi ni Nguchiro. Nataka shamba lake liwe fidia yangu."

Askari Mbwamwitu akaandika maelezo, akaenda, akayaona magunzi. Kacha! Pingu.

"Unashukiwa kwa wizi," akamwambia Nguchiro. "Kama una hatia, hilo atasema hakimu, si mimi."

Nguchiro akawekwa rumande, huku nyuma mkewe na watoto wanne wanalia.

Kesho yake mahakama ikafurika. Hakimu Twiga akainamisha shingo.

"Nguchiro, umeshtakiwa kuiba mahindi. Ni kweli au si kweli?"

"Si kweli, mheshimiwa."

"Basi wanaokushtaki ndio wa kuthibitisha."

Nyani akapanda kizimbani, akasimulia, akamaliza.

"Nguchiro, una maswali kwa shahidi?"

"Ninayo. Mzee Nyani, mlango wa ghala ulivunjwa?"

"Haukuvunjwa."

"Nyayo zilionekana?"

"Hazikuonekana."

"Matenga matatu, mchana kweupe, na hakuna aliyesikia?"

"Hakuna aliyesikia."

Wanyama wakanong'ona, "Lo, bingwa huyu!" Wakamtazama Nguchiro. "Mdogo hivi! Lo, bingwa!"

Nguchiro akamwona Nyani anavyokodoa macho, mkia unachapa sakafu, pa! pa! pa! Hapo akaujua ugonjwa wake.

"Mheshimiwa, kazi hii si yangu," akasema. "Ila aliyeifanya ana akili kuliko sisi sote. Mzee Nyani, kwa mfano, asingeiweza."

"Asingeiweza!" wanyama wakaitikia, wakicheka.

"Ningeiweza!" Nyani akafoka.

"Thubutu!" akasema Nguchiro. "Bingwa ni mwingine."

"Bingwa ni mimi! Nimeyabeba mwenyewe! Nimeyaficha pangoni mwenyewe! Nipeni sifa zangu!"

Wanyama wote wakamgeukia Nyani.

Twiga akasema, "Maneno peke yake hayatoshi. Askari, nenda pangoni ukaangalie."

Askari akaenda, akarudi anahema na matenga matatu.

"Nguchiro, huna hatia. Nenda nyumbani. Nyani, sasa utashtakiwa kwa kusema uongo polisi. Na wewe utasikilizwa, kama alivyosikilizwa mwenzako."

Nguchiro akatoka mbio kwa mkewe. Nyani akafungwa pingu, akasimamishwa karibu na Ngiri, aliyekamatwa kwa kupigana sokoni. Nyani akazitazama pingu za Ngiri, akazitazama zake.

"Afande," akanung'unika, "mbona za huyu zinang'aa kuliko zangu?"

Ngano imefika kwao, nami koo limekauka. Aliyecheka aniletee maji.

Na funzo lake ni hili, wanangu: ukifanya uovu kwa ustadi, usikubali mwingine asifiwe kwa jasho lako. Simama udai haki yako, tena mbele ya hakimu.