Televisheni Iliyopona Ikakataa Kuwaka

Ndugu zangu, leo ni siku ya shukrani, na naona wengi mmekuja na mikono iliyojaa. Kuna mikungu ya ndizi, kuna mahindi, kuna na kuku waliofungwa miguu wanaolalamika kule nyuma ya kwaya. Kabla hatujaita mtu mbele, naomba mnisikilize kidogo. Nina habari ya fundi mmoja wa televisheni.

Fundi huyu alikuwa mgane. Mkewe aliugua muda mrefu, na kwa kuwa nyumba yao ilikuwa mbali na hospitali, alipelekwa kukaa kwa mdogo wake wa kike. Fundi mwenyewe ndiye aliyebeba televisheni yao hadi huko, akaitundika ukutani mkabala na kitanda, ili mgonjwa apate kutazama nyimbo za kwaya. Mdogo mtu akamwuguza dada yake. Alimwogesha, akamgeuza ubavu, akamnywesha uji kwa kijiko. Jioni fundi akishafunga kibanda chake alipita kumjulia hali mkewe, akakaa naye, kisha akaenda kwake kulala.

Halafu ikaja alfajiri moja. Pumzi ya mgonjwa ilibadilika, na yule shemeji hakupiga simu. Alidhani itatulia, kama ilivyowahi kutulia. Alipopiga, kulikuwa kumekucha, na fundi alipofika alikuta mkono wa mkewe umeanza kupoa. Hakuagana naye.

Msibani shemeji alipiga magoti mbele yake, akasema, "Nilikosea. Nisamehe." Fundi akajibu, "Yamekwisha." Je, sisi hatujawahi kulisema neno hilo? Mdomo ulisema yamekwisha, lakini tangu siku ile hakumpigia simu tena. Akimwona sokoni, alipita safu nyingine. Na siku ya kuweka msalaba kaburini ilipokaribia, aliutaarifu ukoo mzima, upande wake na upande wa mkewe, isipokuwa yule mmoja aliyemwuguza.

Basi, mchana mmoja bajaji ikasimama mbele ya kibanda cha fundi. Akashuka shemeji, amekumbatia televisheni iliyofungwa kwa kitenge.

"Shemeji, nimekuletea mgonjwa."

"Weka hapo."

"Hapo wapi? Meza yako yote matumbo ya redio. Ungekuwa daktari, watu wangekukimbia."

Fundi hakucheka. Alisogeza redio pembeni. "Mafundi wamejaa mjini," akasema.

"Wamejaa. Lakini hii ni ya dada. Nimpe nani mwingine aipekuepekue?"

Fundi akafungua kitenge. "Inafanyaje?"

"Ukiwasha, sauti inakuja, kioo giza tupu. Halafu inajizima yenyewe. Inabaki kitaa chekundu kinapepesa kama jicho lililoingia vumbi."

Sasa, ndugu zangu, televisheni za siku hizi zina kumbukumbu. Zikipatwa na hitilafu, huiandika ndani kwa namba, na fundi anayejua kuibonyeza rimoti huzitoa namba zile akazisoma, kama daktari anavyosoma cheti cha mgonjwa. Fundi wetu alibonyeza, kisha akamulika kioo kwa tochi, kwa maana taa za nyuma ya kioo zikifa, picha huwa ipo ila haionekani. Chini ya mwanga wa tochi namba zikajitokeza. Ilikuwa namba moja, na chini yake namba ileile, na chini yake ileile tena, mpaka mwisho wa kioo.

"Inasema nini?"

"Taa za nyuma. Kila ilipojaribu kuwaka ikashindwa, imeandika."

"Maskini! Kumbe inajihesabia?"

Fundi akafanya kazi. Alikitoa kioo polepole, akabandua mikanda ya taa zilizoungua, akaweka mipya, akapima umeme kila mahali ulipopaswa kufika. Shemeji alikaa kwenye stuli, hakuondoka. Kazi ilipokwisha fundi akarudisha kioo, akawasha. Kile kitaa chekundu kikapepesa. Televisheni ikajizima.

"Bado," shemeji akasema. "Hujaupata ugonjwa."

"Nimeupata." Fundi alikasirika, kama fundi yeyote anavyokasirika akiambiwa hivyo. "Imepona hii. Taa ni mpya, umeme unafika, nimepima. Kinachoikatalia ni kumbukumbu. Hitilafu ikishaandikwa mara nyingi, mashine inajifunga. Hata ukiitengeneza, ikisoma yale ya nyuma inaamini bado ni mbovu."

"Kwa hiyo namba zenyewe ni za uongo?"

"Si za uongo. Zote ni za kweli. Ni za zamani tu."

Shemeji akaitazama ile mashine. "Na zile jioni dada alizotazama kwaya mpaka usingizi ukamchukua, imeziandika wapi?"

"Haiandiki hayo."

"Hata moja?"

"Hata moja. Ikifanya kazi vizuri haiandiki kitu. Haina mahali pa kuandika."

Alipokwisha kusema hivyo, fundi akabaki ameshika rimoti, haibonyezi. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, ya kazi yake ya kila siku, lakini aliyasikia kama ameyasema mtu mwingine. Alifikiria ile alfajiri, ambayo moyo wake ulikuwa umeiandika, ukaiandika tena, mpaka hapakuwa na nafasi ya jambo jingine. Kisha akajaribu kuzikumbuka jioni. Alipokuwa akiingia katika chumba kile, shuka zilikuwa safi. Chumba hakikunuka ugonjwa. Na nywele za mkewe zilikuwa zimesukwa vizuri, kila mara, hata zilipokuwa zimebaki chache. Hakuwahi kujiuliza ni mikono ya nani.

"Shemeji," akasema. Hakuwa amemwita hivyo tangu msibani. "Zile nywele. Ulikuwa unamsuka wewe?"

"Nani tena? Na alivyokuwa mkali! Nikivuta kidogo tu, ananichapa kofi mkononi. Ananiambia, 'Wewe, unataka mume wangu aje anikute kama jini?'"

Fundi akacheka. Kisha akaiinamia televisheni kwa kitambo, kama mtu aliyedondosha skrubu.

Alipoinuka, alibonyeza rimoti mpaka penye kufuta. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Mara hii hakukawia. Akabonyeza. Namba zikatoweka, akazima, akawasha.

Kioo kikajaa mwanga. Ilikuwa idhaa ileile ya kwaya, na sauti iko chini, vilevile alivyoiacha mgonjwa. Makosa yalikuwa yamefutika yote, na chochote kilichokuwa cha marehemu hakikuguswa.

Walisikiliza wimbo mmoja hadi mwisho. Ndipo fundi akasema, "Jumamosi tunaweka msalaba."

"Nilisikia."

"Ulisikia kwa watu. Sasa nakuambia mimi. Shada la kwanza tutaliweka pamoja, mimi na wewe."

Shemeji alikikunja kile kitenge, akakikunjua, akakikunja tena.

Ndugu zangu, msije mkaondoka hapa mkidhani nimesema yule shemeji hakukosea. Alikosea. Angepiga simu mapema, bwana yule angeagana na mkewe, na hilo halirudi. Wala sikusema makosa yafutwe kabla ya kutengenezwa. Fundi mbaya ndiye afutaye namba bila kubadilisha taa, akakurudishia mashine yako, na kesho inakuzimikia. Lakini shemeji huyu alikuwa amekiri, amepiga magoti, ameomba. Taa zilikwisha kubadilishwa siku ya msiba. Kilichobaki gizani kilikuwa nini? Kumbukumbu ya kweli kabisa, isiyo na neno moja la uongo, ambayo haikuwa habari yote.

Na sisi je? Mtu akituambia, "Nisimulie miaka uliyoishi na yule uliyemzika," tunaanzia wapi? Si tunaanzia hospitalini? Si tunaanza na simu iliyochelewa, neno tulilolisema vibaya, neno tuliloshindwa kulisema? Hayo yote ni kweli. Lakini asubuhi za chai zisizo na tukio, jioni ambazo hakuna kilichoharibika, mikono iliyofanya kazi vizuri mpaka hatukuiona, hayo tumeyaandika wapi?

Ile mashine ina udhuru. Aliyeiunda aliipa mahali pa kuandika makosa, akaishia hapo. Mimi na wewe hatukuundwa kiwandani. Aliyetuumba alitupa mahali pa kuandika mema, tena papana. Tukipaacha patupu, tutamwambia nini?

Basi, kabla hujauleta mkungu wako hapa mbele, mtafute moyoni mtu mmoja. Yupo aliyemsuka nywele uliyempenda, na wewe ukaziona nywele, hukuiona mikono. Labda amekaa benchi la tatu. Labda yuko nyumbani kwake, na Jumamosi yako hujamwambia. Toka sasa hivi, mlango uko wazi, hakuna atakayekushangaa. Shukrani ya kwanza ya leo mpelekee yeye. Kuku wako tutakushikia mpaka urudi.